Kamera ya mvukuto: Namna picha inavyonyooshwa kabla ya kupigwa

Na Mwandishi Wetu

MTU anayesimama mbele ya jengo refu na kuinua simu yake ili alipige picha lote, mara nyingi hupata matokeo ya aina moja. Kuta zilizojengwa kwa timazi huonekana zimeinamiana kuelekea juu, na jengo zima huwa kana kwamba linataka kuanguka chali. Kosa hilo si la fundi aliyejenga, wala si la lenzi. Linatokana na kitendo kimoja tu: simu imeelekezwa juu.

Wapigapicha wa karne ya 19 walilijua tatizo hilo na walikuwa na dawa yake. Kamera zao za mbao, zenye mvukuto katikati na kioo cha ukungu nyuma, ziliwaruhusu kuisogeza lenzi peke yake, huku sehemu inayobeba filamu ikibaki imesimama wima. Kamera za aina hiyo bado zinatengenezwa na bado zinatumika duniani. Anayeelewa namna zinavyofanya kazi huelewa pia kwa nini picha nyingi za zamani za miji yetu ni sahihi kuliko zile zinazopigwa leo kwa haraka.

Usahihi huo si suala la urembo tu. Desemba 25, 2020 sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib katika Mji Mkongwe wa Zanzibar iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili walipoteza maisha. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1883 katika enzi za Sultani Barghash bin Said. Linapoanguka jengo la namna hiyo, swali la kwanza la wasanifu ni hili: lilikuwaje hasa? Nguzo zilipishana kwa umbali gani, na roshani zilikaa katika kimo gani?

Picha ni miongoni mwa mashahidi wanaoitwa kujibu swali hilo. Picha zilizopigwa kabla ya Zanzibar kushambuliwa kwa mizinga na Waingereza Agosti 27, 1896 zinaonyesha mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya jengo. Zile zilizopigwa baada ya matengenezo yaliyofuata zinaonyesha mnara ukiwa umeunganishwa na uso wa jengo lenyewe. Lakini shahidi aliyepinda hutoa ushahidi uliopinda. Picha ambayo mistari yake imeinama haipimiki kwa urahisi, na ile iliyonyooka inaweza kupimwa kwa rula.

Mjerumani Albrecht Meydenbauer, aliyekuwa msanifu wa majengo, aliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1858 aliponea chupuchupu kuanguka alipokuwa akipima kanisa kuu la mji wa Wetzlar, akaanza kufikiria namna ya kupima majengo kwa kutumia picha badala ya kupanda juu ya kuta. Mwaka 1885 taasisi ya serikali kwa ajili ya kazi hiyo ilianzishwa mjini Berlin chini ya uongozi wake.

Katika Afrika Mashariki, studio za Gomes na za ndugu Coutinho, wenye asili ya Goa, zilipiga picha za majumba, bandari na mitaa ya Zanzibar. Dar es Salaam, Mjerumani Walther Dobbertin alifanya kazi kama hiyo katika miaka ya utawala wa Kijerumani, na picha zake nyingi sasa zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, ambayo hazina yake ya picha imekuwa sehemu ya kumbukumbu ya Zanzibar.

Kamera yenyewe

Kamera kubwa ya kubebeka ina sehemu chache. Mbele kuna fremu inayoshika lenzi. Nyuma kuna fremu inayoshika kioo cha ukungu, yaani kioo kilichokwaruzwa ili taswira ionekane juu yake. Kati ya fremu hizo mbili kuna mvukuto uliokunjwa kunjwa, mithili ya ule wa mhunzi, ambao kazi yake ni kuzuia mwanga usiingie kutoka pembeni. Fremu zote mbili husimama juu ya kitako chenye reli, na reli hiyo huzifanya zisogeleane au ziachane.

Mpigapicha hujifunika kitambaa cheusi kichwani ili aone taswira iliyo kwenye kioo. Anachokiona ni kitu kilichopinduliwa: kichwa chini, miguu juu, na upande wa kulia umekwenda kushoto. Anayeanza husumbuka, lakini baada ya muda jicho huzoea. Akishamaliza kupanga kila kitu, hufunga kilango cha lenzi, huingiza kishikizo cha filamu mahali pa kioo, huvuta kibao kinachoikinga filamu na mwanga, kisha hupiga picha.

Filamu yenyewe si mkanda bali ni karatasi moja moja. Kipimo kinachotumika zaidi ni inchi 4 kwa 5, ambacho eneo lake ni takriban mara 15 ya filamu ndogo ya milimita 35. Kipo pia cha inchi 8 kwa 10, ambacho ni mara 60. Kwa sababu ya ukubwa huo, maandishi ya kibao cha duka lililo mbali yanaweza kusomeka katika picha ya mtaa mzima. Lakini kila karatasi ni gharama, hivyo anayetumia kamera hii hufikiri kwanza na kupiga baadaye.

Hatua ya kwanza ni pimamaji

Kanuni moja hutawala kazi yote: fremu ya nyuma huamua umbo la vitu, na fremu ya mbele huamua ni sehemu gani itaonekana kwa ukali. Fremu ya nyuma ikiwa wima kabisa, kuta zilizo wima zitakuwa wima katika picha. Ikiinama, hata kwa digrii chache, kuta huanza kukutana juu au kuachana.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, stendi ya miguu mitatu husimamishwa imara na fremu ya nyuma hupimwa kwa pimamaji, kama fundi mwashi anavyopima tofali la kwanza. Kamera nyingi za aina hii zimefungwa pimamaji ndogo kwa kazi hiyo. Makosa ya hatua hii hayawezi kufichwa na hatua zinazofuata.

Kupandisha lenzi badala ya kuinamisha kamera

Tuseme jengo lina kimo cha meta 20, na mpigapicha amesimama umbali wa meta 40. Lenzi yake ina urefu wa fokasi wa milimita 150, na ipo meta 1.5 kutoka ardhini. Kwa hesabu rahisi ya uwiano, paa la jengo liko meta 18.5 juu ya lenzi, na taswira yake itaangukia takriban milimita 69 kutoka katikati ya kioo.

Hapo ndipo tatizo linapoonekana. Filamu ya inchi 4 kwa 5 ikilazwa ina nafasi ya takriban milimita 48 tu kutoka katikati hadi ukingoni. Paa litakatwa, huku nusu nzima ya picha ikijaa barabara. Mwenye simu angeielekeza juu. Mwenye kamera ya mvukuto hulegeza skrubu za fremu ya mbele, huipandisha lenzi sentimita mbili na nusu, kisha hukaza. Taswira yote husogea kwenye kioo, paa huingia, barabara hupungua, na kwa kuwa fremu ya nyuma haikuguswa, kuta hubaki zimesimama.

Kushusha lenzi ni kinyume cha hayo, na hufaa anayepiga akiwa ghorofani. Kusogeza kando hufuata mantiki ile ile. Nguzo ya umeme ikiwa imesimama mbele ya mlango, mpigapicha anaweza kuhamisha kamera hatua chache hadi nguzo isizibe mlango, kisha akarudisha mlango katikati ya picha kwa kusogeza lenzi, bila kuugeuza uso wa jengo.

Lipo sharti moja. Lenzi hutupa duara la mwanga, na filamu lazima ikae ndani ya duara hilo. Filamu ya inchi 4 kwa 5 inahitaji duara la kipenyo cha milimita 153 hivi ikiwa lenzi iko katikati. Katika mfano wetu, baada ya kupandisha lenzi, duara linalohitajika hufikia karibu milimita 190. Lenzi isiyo na duara la kutosha hutoa picha yenye pembe nyeusi. Ndiyo maana mpigapicha mzoefu hukagua pembe zote nne za kioo kabla ya kupiga.

Kufokasi

Kufokasi ni kuisogeza lenzi mbele au nyuma hadi taswira itoke kwenye ukungu na kuwa kali. Kitu kilicho mbali sana huwa kikali pale lenzi inapokuwa mbali na filamu kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Kwa lenzi ya milimita 150, ni milimita 150. Kadiri kitu kinavyokuwa karibu, ndivyo mvukuto unavyotakiwa kuvutwa zaidi. Ili kitu kionekane kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi, mvukuto huvutwa hadi milimita 300.

Kuvuta mvukuto kuna gharama yake, kwani mwanga unaofika kwenye filamu hupungua. Umbali ukizidishwa mara mbili, mwanga hupungua mara nne, na muda wa kuacha kilango wazi lazima uongezwe mara nne. Ukifikia milimita 225, yaani mara moja na nusu, muda huongezwa mara mbili na robo. Anayesahau hesabu hii hupata picha ya giza.

Wakati wa kufokasi, tundu la lenzi hufunguliwa lote ili kioo kiwe angavu na mpaka kati ya ukali na ukungu uonekane wazi. Kisha kioo kidogo cha kukuzia huwekwa juu ya kioo cha ukungu, na jicho hukagua katikati, pembeni, karibu na mbali. Macho matupu hudanganya, kwani taswira inayoonekana kali bila kukuzwa inaweza kuwa na ukungu itakaposafishwa kwa ukubwa wa ukutani.

Zoezi la Misugusugu

Hatua inayowachanganya wengi ni kuinamisha na kugeuza lenzi. Mfano wake unapatikana Misugusugu, Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, mahali palipozoeleka kuonekana malori ya mizigo yakipanga foleni kwa ukaguzi.

Mpigapicha akisimama kando ya barabara na kutaka kokoto zilizo karibu na miguu yake pamoja na lami inayopotea mbali zote zionekane kwa ukali, kufokasi peke yake hakutoshi. Akifokasi kokoto, lami ya mbali huingia ukungu; akifokasi mbali, kokoto hupotea. Sababu ni kwamba katika kamera ya kawaida eneo la ukali ni kama ukuta uliosimama sambamba na filamu, wakati barabara imelala.

Dawa ni kuinamisha lenzi kidogo kuelekea ardhini, ili ukuta huo wa ukali nao ulale juu ya barabara. Kanuni hii inafahamika kwa jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria aliyeiandika katika hataza yake ya mwaka 1904, ingawa Mfaransa Jules Carpentier alikuwa ameigusia katika hataza ya mwaka 1901. Inasema kwamba bapa la filamu, bapa la lenzi na bapa la ukali, yakirefushwa, lazima yakutane katika mstari mmoja, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa zinavyokutana kwenye mshono.

Kiasi cha kuinamisha ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Lenzi ya milimita 150 ikiwa meta 1.5 juu ya ardhi, inatosha kuinama digrii 6 pungufu kidogo. Utaratibu ni huu: fokasi sehemu ya mbali, inamisha lenzi polepole hadi ya karibu iwe kali, rudi ufokasi ya mbali, kwani itakuwa imeharibika kidogo, kisha rekebisha tena mwinamo. Baada ya kurudia mara tatu au nne, sehemu zote mbili hutulia.

Ikiwa kinachotakiwa si barabara bali ni ubavu wa malori yaliyopanga mstari, kanuni haibadiliki, ila lenzi haiinamishwi bali hugeuzwa upande, kama mlango kwenye bawaba, kuelekea mstari wa malori. Kamera ikiwa meta nne kutoka kwenye mstari huo, digrii mbili zinatosha. Lori la kwanza na la mwisho yote yatasomeka namba zake. Ni busara kuomba ridhaa ya madereva na ya wahusika wa eneo kabla ya kusimamisha stendi, kwa kuwa kamera kubwa huvuta macho na maswali.

Pale ambapo kuinamisha hakusaidii

Kuinamisha hakuongezi ukali, bali huuhamisha. Eneo lenye ukali likishalala juu ya ardhi, huwa na umbo la kabari: jembamba karibu na kamera na nene kadiri linavyokwenda mbali. Kitu kirefu kilicho karibu kitatokeza nje ya kabari hiyo.

Katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe, kwa mfano, anayeinamisha lenzi ili kupata majani yaliyodondoka na njia inayokwenda mbali, ataona shina la mti wa karibu likiwa kali chini na lenye ukungu juu. Mahali kama hapo ni afadhali lenzi iachwe wima na tundu lake lifinywe.

Kufinya tundu hupanua eneo la ukali. Wapigapicha hutumia rula iliyo kwenye reli ya kamera: hufokasi kitu cha karibu na kuandika namba, hufokasi cha mbali na kuandika namba, kisha huweka fremu katikati ya namba hizo. Kwa filamu ya inchi 4 kwa 5, tofauti ikiwa milimita 2, tundu la f/22 hutosha. Ikiwa milimita 4, huhitajika f/32. Kufinya kupita kiasi nako kuna madhara, kwa sababu mwanga unaopita katika tundu dogo mno hutawanyika na kuipunguzia picha nzima ukali. Aidha, muda wa kuacha kilango wazi hurefuka, na upepo ukivuma majani huacha ukungu ambao hakuna fokasi inayoweza kuutibu.

Je, kompyuta haitoshi?

Wengi huuliza kwa nini mtu ahangaike, ilhali programu za simu na kompyuta zinaweza kunyoosha kuta kwa sekunde moja. Ni kweli zinaweza, na kwa picha ya familia hilo linatosha. Lakini programu hunyoosha kwa kuvuta sehemu ya juu ya picha, hivyo hubuni kilichokosekana kwa kutanua kidogo kilichopo, na sehemu ya pembeni hukatwa. Zaidi ya hapo, isipojua mahali kamera ilipokuwa na pembe iliyoelekezwa, uwiano kati ya kimo na upana wa jengo huwa wa kukisia. Mtu anayetaka kujua kimo cha dirisha lililokwisha kubomoka hahitaji makisio.

Asiye na kamera ya mvukuto bado anaweza kunufaika na kanuni zake. Asimame mbali zaidi, au apande ghorofa ya jengo la jirani ili awe katikati ya kimo cha jengo analopiga. Ashike simu wima kabisa, hata kama barabara itajaa chini ya picha, kisha akate sehemu hiyo baadaye. Kwa kufanya hivyo atakuwa amepandisha lenzi kwa njia ya maskini: ukali utapungua, lakini kuta zitasimama.

Jambo hili lina uzito kwa miji inayobadilika haraka. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, imepata mwenzake wa kisasa ambaye safari zake za abiria kati ya miji hiyo miwili zilianza Juni 2024, akipita katika Mkoa wa Pwani. Kando ya reli na barabara, nyumba za zamani, stesheni na miti hupisha majengo mapya, mara nyingi bila mtu yeyote kuandika kilichokuwapo.

Kinachoondoka hakiwezi kupigwa picha mara ya pili. Ikiwa miaka 50 ijayo mtu atauliza stesheni fulani au msikiti fulani ulikuwaje, jibu litategemea kama aliyepita hapo leo alitumia dakika chache kuhakikisha kwamba kamera yake imesimama wima.